Baba na Glasi ya Mgeni

Baba yangu, Barnabé Ngoy, alikuwa na kazi moja tu aliyoijua vizuri hapa duniani, na kazi hiyo ndiyo iliyomharibu. Kwa miaka kumi na minane alichanganya vinywaji kwenye hoteli moja ya Wazungu karibu na ziwa, tangu Kalemie ikiitwa Albertville. Kila glasi aliionja kwa kijiko kabla haijatoka. Kijiko kimoja si kitu. Vijiko arobaini kila siku ni habari nyingine.

Halafu Wazungu wakanyang'anywa hoteli, ikapewa mtu ambaye aliuza vitanda kisha akafunga milango. Baba alirudi nyumbani, mtaa wa Kataki, na kiu yake, akaipoza kwa lutuku, ile pombe kali inayopikwa uani. Sitasimulia yote. Nitasema tu kwamba mwaka 1979 aliuza cherehani ya mama, na mama akafunga mizigo arudi kwao Moba. Baba alimfuata mpaka kwenye boti, akapiga magoti mbele ya watu, akaapa hatagusa tena, hata kijiko.

Mama yangu Séraphine si mtu wa maneno mengi. Alimwambia, "Siku utaonja, mi naenda. Na siku hiyo usinifuate."

Ahadi baba aliishika miaka mitano. Alibeba magunia bandarini, mtu wa miaka hamsini na nane, akakohoa vumbi la saruji, akasinzia huku anakula. Mama aliuza ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwani, sokoni na kurudi miguu imevimba. Mimi nilikuwa nimerudi kwao na watoto wangu wawili baada ya ndoa yangu kuvunjika, nikawaongezea mzigo. Nyumba nzima ilikuwa imechoka. Hata mbwa wetu alibwekea watu akiwa amelala.

Ndipo akaja Citoyen Kalenga, Raia Kalenga, kama kila mtu alivyoitwa wakati ule, mtu wa Kabalo, aliyekuwa anafungua nyumba ya wageni kule juu kilimani. Alikuwa amesikia kuna mzee anayejua gini-fizi ya zamani, kile kinywaji cha gini, ndimu na soda. Akatuma chupa ya gini iliyokuja na meli ya Bujumbura, chupa mbili za soda isiyo na sukari, na ujumbe: Jumapili saa kumi atapita nyumbani. Kama kinywaji ni kizuri, kazi ni ya baba. Kazi ya kusimama kivulini, na shati jeupe!

"Utapima namna gani bila kuonja?" mama alimuuliza.

"Kwa macho. Na kwa masikio."

Jumapili hiyo nilimwona baba niliyekuwa nimemsahau. Barafu tuliomba kwa masista wa misheni, tukaileta mbio ndani ya gunia lenye pumba za mbao. Baba aliviringisha ndimu mezani chini ya kiganja mpaka zikalainika. Alizikamua kidogo tu, akanigombeza nilipotaka kumalizia, kwa sababu ganda likibanwa linatoa uchungu. Sukari aliichemsha na maji ikawa nzito, akaiacha ipoe. Chombo cha kutikisia hatukuwa nacho, akachukua kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko.

"Changanyia mezani, mbele yake," mama alimwambia.

"Séraphine, mugeni mukubwa haonyeshwi jikoni."

Nilitaka kucheka, maana jikoni yetu ilikuwa pazia tu. Lakini mama alisema kweli. Kwetu, kinywaji kilichotengenezwa mbali na macho ya mgeni, mwenye nyumba anakinywa kwanza, ili mgeni ajue hakuna sumu. Mtoto wa miaka sita anajua hilo. Baba pia alilijua, ila siku hiyo alivaa shati lake la zamani la hotelini, na akishalivaa alikuwa mtu wa hoteli, na kule hotelini hakuna Mzungu aliyemwomba aanze.

Citoyen Kalenga alifika, akaketi. Baba aliingia nyuma ya pazia, nasi tukasikia barafu ikigonga kopo, kwanza kwa kelele, kisha taratibu. Baba alichuja kwa chujio la chai, akajaza soda, akatoka na glasi kwenye sinia, mgongo umenyooka kabisa. Ilikuwa nzuri kuitazama, ina povu jeupe juu.

Mgeni aliiangalia. Hakuwa na ubaya wowote.

"Citoyen Ngoy, anza wewe, muzee."

Akikataa, nani atamwajiri mtu anayeogopa kinywaji chake mwenyewe? Akionja, mama anaondoka. Mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua ndagala. Baba aliinua glasi polepole sana. Nilidhani ni woga.

Mama akasimama, akafuta mikono kwenye kitenge, akaichukua glasi mkononi mwa baba.

"Nyumba ni ya sisi wawili," alimwambia mgeni, akanywa. Yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kugusa hata bia ya harusi.

Citoyen Kalenga alicheka kwa raha, akamaliza iliyobaki, akasema, "Muzee, Alhamisi unaanza." Alipoondoka, mama alirudi kwenye ndagala zake.

"Kumbe ni tamu," akasema. "Miaka yote nilizania ni kitu kichungu, kinakushika tu kama homa."

Baba aliosha kopo, akaliweka mahali pake.

Alhamisi asubuhi alichukua gunia lake la kutandika begani, akaenda bandarini. Gari la nyumba ya wageni lilipokuja kumchukua, mama alimwambia dereva, "Amekwenda kazini," na dereva akarudi peke yake. Nilikasirika sana. Nilishuka bandarini saa sita mchana, nikamkuta ameketi juu ya magunia, nywele zimekuwa za kijivu kwa saruji.

"Baba, unatufanyia nini? Mama alikunywa kwa ajili yako!"

Alikohoa kwanza, kisha akaniangalia.

"Monique, wewe na mama yako munazania alinisaidia kwa mugeni. Hapana. Glasi ilikuwa imefika ku midomo. Nilikuwa nakunywa kwa kiu yangu, si kwa mugeni. Mama yako alikuwa pale, hatua mbili, na mi nilikuwa nimeshamusahau."