Mistari Miwili ya Mwalimu Breki

Ni asubuhi na mapema. Gari la mafunzo limezimika katikati ya mwinuko, lori linapiga honi nyuma yake, na mwanafunzi, baba mtu mzima mwenye duka lake, anavuja jasho utadhani amekamatwa.

"Achana naye, mzee wangu, honi haiendeshi gari," anasema mwalimu, mguu umetulia juu ya breki ya pili iliyofungwa upande wake. "Klachi hadi chini. Washa. Sasa iachie taratibu, kama unamlaza mtoto asiamke."

Gari linapanda. Mwenye duka anacheka peke yake.

Wanafunzi wanamwita Mwalimu Breki. Ana miaka ishirini na minane, mdomo haumpumziki, na kazi hii anaipenda kufa. Miaka mitatu iliyopita alianza kuona mkanda wa gari unambana tumbo.

"Nikapima mkojo. Mistari miwili, myekundu kabisa! Mume wangu ni fundi friji, si mtu wa maneno, lakini siku ile aliimba hadi jirani akagonga ukuta."

Mama yake mzazi akaja na nguo za kichanga. Furaha haikumaliza wiki. Tumbo lilikuwa linakua upesi mno, na maumivu ya ubavuni yakampeleka hospitali.

Kwenye altrasaundi, kizazi kilikuwa kitupu. Kilichoonekana ni uvimbe kwenye ovari ya kushoto: saratani adimu, ambayo huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana, na wakati mwingine humwaga kwenye damu homoni ileile ya ujauzito. Hiyo ndiyo iliyochora mistari.

"Yaani tulikuwa tunauimbia uvimbe," anasema. "Niliona aibu, wacha tu. Halafu nikalia."

Mama yake hakutaka maelezo marefu. "Toeni vyote, daktari, kizazi na kila kitu. Mimi namtaka mwanangu. Wajukuu nitaazima kwa dada yake."

Nani wa kumlaumu? Breki alitaka kuishi. Alitaka pia kuzaa, na alijua kizazi kikishatolewa hakirudishwi. Mumewe ndiye aliyeuliza lile ambalo mkewe hakuthubutu kuliuliza: "Hakuna njia ya kumponya bila kutoa vyote?"

Ilikuwapo. Daktari akaeleza kwamba saratani ya aina hii husikia dawa vizuri sana. Kwa wagonjwa wengi wa umri wake hutolewa ovari yenye uvimbe peke yake. Ile nzima na kizazi huachwa, kisha dawa za dripu humalizia kazi.

"Tiba haipungui hata kidogo, mama," akasema.

Mama mtu akajibu, "Haya. Lakini akinifia, nitakudai wewe."

Dawa zilimwacha kipara, zikamtapisha hadi akachukia harufu ya sabuni. Hedhi ilikatika. Iliporudi miezi kadhaa baadaye, aliishangilia kama mshahara. Akashauriwa asubiri miaka miwili kabla ya kubeba mimba, huku damu yake ikipimwa mara kwa mara, maana homoni ile ikipanda tena huenda ugonjwa umerudi.

Hapo ndipo penye mtihani. Miaka miwili ikaisha, ruhusa ikatoka, na miezi miwili iliyopita mistari miwili ikajitokeza tena.

"Safari hii hakuna aliyeimba," anasema. "Tulikaa kitandani kama watu wa msibani. Je, ni mtoto au ni ule ule? Niliogopa, jamani!"

Kwenye altrasaundi alifumba macho. Mpimaji akazungusha mashine, akabonyeza hapa na pale, kisha chumba kikajaa mdundo wa haraka haraka.

"Nikamwambia, zima. Halafu nikamwambia, washa tena."

Sasa tumbo limeanza kuchomoza, na mwajiri ameahidi kumhamishia darasani, akafundishe alama za barabarani hadi atakapojifungua. Mama yake bado hajui. Breki hakutaka kumpa furaha ambayo angekuja kumnyang'anya tena.

"Jumatatu nampeleka kliniki. Simwambii tunafuata nini. Nataka nimwangalie usoni ule mdundo ukianza." Anafunga mlango wa gari, kisha anarudi mbio kumwahi mwandishi wetu. "Na gazeti lenu lisinitoe kabla ya Jumanne, tafadhali! Mama yangu anasoma kila kitu, hadi matangazo ya vifo."

Tumesubiri hadi Jumatano.