Trela Nayo Iwe na Breki Zake

Mwanangu, kila nisikiapo trekta ikipanda mlima, nakumbuka asubuhi moja mjini Eldoret, Mzee Samweli akiwa ameketi kwenye madigadi ya trekta yake na kofia ya sufu kichwani, hata jua likiwaka. Alikuwa tajiri wangu, nami nilikuwa dereva wake, ndevu bado nyeusi. Usicheke, nami nilikuwa kijana.

Vita vya baada ya uchaguzi vilikuwa vimetulia. Mama Ruth, jirani yetu kule Burnt Forest, alikuwa akiishi kwenye hema kambini hapo Eldoret tangu nyumba yake ilipochomwa. Sasa alitaka kurudi apande mahindi kabla mvua haijamwacha. Mzee akatoa trekta bure. Tulikuja mjini na trela tupu, tukapakia mabati, mbao na vitanda, na juu kabisa wakakaa watoto wake wakiimba. Ah, zile nyimbo! Hadi leo zinanilainisha moyo.

Nilikuwa nimeshawasha injini Mzee alipouona mpira wa breki wa trela ukining'inia, umepasuka. Akazima.

"Breki ya trela iko wapi?"

"Si tumekuja hivyo tu, Mzee, na hakuna shida?"

"Tulikuja tupu. Trela tupu, trekta inaishika. Saa hii mzigo ni mzito kuliko trekta yenyewe. Hapo kwa mteremko itakusukuma ikupindue, na hawa watoto wako juu."

Mama Ruth akaanza kulia. Aliogopa kwamba asipoondoka siku hiyo, ujasiri ungemwishia. Nami, kwa kumhurumia na kwa ubishi wa ujana, nikasema, "Lakini Mzee, trela inaenda tu mahali inavutwa. Makosa yake ni gani?"

Mzee akavua kofia yake. Kisha akasema polepole, "Hata Daudi aliniambia hivyo. 'Baba, mimi nilivutwa tu.' Wenye walimvuta wamelala kwao salama. Mimi niko na mtoto hawezi kuangalia jirani usoni."

Daudi alikuwa mwanawe. Sote tulijua kwamba alikuwa katika kundi lililochoma nyumba ya Mama Ruth, ila hakuna aliyewahi kulisema jambo hilo mbele ya Mzee.

Mama Ruth akapangusa machozi, akawashusha watoto. "Basi tungoje fundi," akasema.

Fundi akaja, akabadilisha mpira, tukaondoka mchana. Kwenye mteremko nilikanyaga breki, nikasikia trela ikijishika yenyewe nyuma yangu. Raha niliyoisikia siwezi kukueleza.

Tulipofika, Daudi alikuwa amesimama kando ya msingi wa ile nyumba iliyoungua, nyundo mkononi, macho chini. Mama Ruth alimtazama kitambo. Kisha akampa misumari.

Mzee ametangulia, na trekta iliuzwa zamani, lakini neno lake limebaki. Mwanangu, watakuja wa kukuvuta, tena kwa maneno matamu. Bendera hufuata upepo kwa kuwa ni kitambaa. Wewe ni mtu. Watu wakipandwa na hasira, hapo ndipo ukanyage breki zako mwenyewe, maana majuto ni mjukuu, na "nilivutwa" haijengi nyumba iliyoungua.

Mungu akupe moyo wa kusimama wenzako wakiporomoka. Na siku utakapojenga, usikose jirani wa kukupigia misumari.