Mama Mkubwa Alipofumba Mkono

Nikikuuzia usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, bei ya kwanza ninayoitaja si ya kweli. Wewe unajua, na mimi najua kwamba unajua, na hapo ndipo tunapoanzia. Lakini kisa hiki hakina bei ya kuanzia. Nakupa kilivyo. Nimekihesabu kichwani mara mbili kabla ya kukaa kuandika, na mara zote mbili kimetoka vilevile. Kilinitokea mimi mwenyewe, mchana, uani kwangu Mbinga, sijalewa wala sina homa. Ukitaka kucheka, cheka. Wenzako walishatangulia.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni ikaanza kutufuata yenyewe mlangoni. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakawa wanapanda kwetu na mizani zao, kila mizani ikisema lake. Kila mtu akawa mfanyabiashara, hata wasiojua kujumlisha. Mimi nilikuwa nashuka ziwani, nanunua usipa mkavu Lituhi na Lipingo, napanda nao Mbinga msimu wa kahawa, wakati wakulima wana fedha na hamu ya samaki. Nikapata kistoo changu. Kistoo nacho kikapata wezi wake.

Lipingo ndiko alikoishi mama mkubwa, dada yake mama yangu. Alikuwa akianika usipa kwenye vichanja ufukweni, na alikuwa na mbwa aliyeitwa Tuone. Sasa nikuulize: umewahi kuona mbwa analala chini ya kichanja kilichojaa usipa na hali hata mmoja? Kila anayeanika samaki pale ana rundo lake la mawe ya kurushia mbwa. Mama mkubwa hakuwa na jiwe. Kunguru akishuka, Tuone anamfukuza. Kuku akisogea, anamfukuza. Kisha anarudi kulala, samaki wanamning'inia juu ya pua.

"Umemchapa kiasi gani huyu?" nilimuuliza siku moja.

"Nimchape kwani kanikosea nini?" akajibu. "Njoo uone."

Akachukua usipa mmoja, akaufumba mkononi, akamsogezea mbwa. Tuone akanusa, akalamba vidole, akapapasa kwa mguu. Mama mkubwa kimya, kama hayupo. Mbwa alipochoka, akakaa kitako, akamtazama usoni. Papo hapo mama mkubwa akasema "Haya!" akafungua mkono.

"Basi?" nikasema.

"Basi. Akifanya vizuri, mpe hapohapo, usingoje mpaka umalize mazungumzo yako. Hata kipande tu kinatosha. Akikosea, nyamaza, au inuka uondoke. Na usimwite ukamkaripia, siku nyingine haji." Huku akisema alikuwa anampapasa nyuma ya masikio akimtoa kupe, na mbwa kafumba macho kama mtu anayesukwa nywele.

Nilipomwambia habari za wezi, aliendelea kugeuza usipa wake mpaka kichanja kikaisha. Mwishowe akasema nimchukue Tuone, yeye vichanja vyake vimeanza kumshinda, magoti yanauma. Usimdhanie alinipa kirahisi. Juu ya debe la usipa tulikuwa tukimalizana kwa dakika chache, lakini kwa mbwa alibishana asubuhi nzima. Maji safi kila siku. Gunia kavu la kulalia, Mbinga kuna baridi. Chanjo ya kichaa cha mbwa bwana mifugo akipita. Asifungwe mchana kutwa. "Na mkono wako," akasema, "usimfumbie ukiwa mtupu."

Nikaitikia. Mimi huitikia upesi, ndivyo biashara inavyokwenda.

Jirani yangu Mbinga, Baba Gaspari, alipoona ninavyomlisha Tuone mkononi alishika mbavu. "Mama Usipa! Mbwa wa kulipwa mshahara! Na likizo unampa?" Mbwa wake yeye aliwafungia kibandani gizani na kuwatilia pilipili kwenye ugali ili wawe wakali, kama wengi walivyofanya pale. Walikuwa wakali kweli. Walimng'ata mkewe.

Tuone hakumng'ata mtu. Mgeni akifika getini anabweka, nikifumba mkono ananyamaza na kukaa. Usiku akisikia hatua ananiamsha. Msimu ule sikuibiwa hata kopo moja, na wateja walikuja na watoto wao kumwangalia mbwa mwenye adabu.

Hapo ndipo akili yangu ya sokoni ilipoanza kufanya kazi. Usipa ulikuwa umepanda bei. Nikajiuliza, mbwa huyu anatii samaki au anatii mkono? Nikajaribu. Nikafumba mkono mtupu. Akakaa, akanitazama usoni. Nikasema "Haya!" nikageuka kwenda zangu.

Niamini, nilijiona mjanja. Nilimsimulia hata Baba Gaspari, tukacheka wote.

Ilikwenda hivyo mwezi mzima na zaidi. Kila mara anakaa, ananitazama, namwacha. Mwanzoni alinifuata nyuma akinusa vidole. Baadaye akawa anachelewa kukaa. Baadaye nikimwita anakuja nusu ya njia, anasimama. Mimi nikaona anajifanya bosi. Nikamfunga kamba kwenye nguzo ya kistoo, mchana kutwa, ukungu na manyunyu vikimpata. Maji nilimpa nilipokumbuka. Gunia lake nilijazia kahawa ya mtu. Na bado, nisikilize vizuri, na bado kila nilipofumba mkono alikaa. Polepole, kichwa chini, lakini alikaa. Ndilo linalonikosesha raha hadi leo. Angekataa ningepata la kumlaumu.

Siku yenyewe ulikuwa mwezi wa baridi, ukungu umeshuka mpaka mchana hauonekani. Nilikuwa nachambua usipa uani, nageuka, namwona mama mkubwa kasimama karibu na nguzo. Kavaa khanga zake mbili za siku zote, harufu yake ileile ya moshi na ziwa. Sikushtuka. Kwa nini nishtuke? Nilidhani kapanda na lori.

"Shikamoo mama mkubwa!"

Hakuitika. Mama mkubwa, ambaye ukisahau kumwamkia anakurudisha getini uingie upya! Alikuwa anamtazama mbwa. Na Tuone, ambaye siku nyingi hakuinuka kwa ajili ya mtu yeyote, alisimama, mkia unapiga nguzo.

"Anakula nini?" akauliza.

"Ugali mama, na mabaki. Hakosi."

"Mkononi mwako anakula nini?"

Nikacheka kidogo, kama ninavyocheka mteja akigusa pale penye doa. "Ah, mama mkubwa, usipa wenyewe unaujua ulivyopanda. Na mbwa ameshajua kazi. Akijua, ya nini tena kumpa kila siku?"

"Wewe ulipojua kuuza, uliacha kulipwa?"

Ndipo nikafanya ninachokijua: nikaanza kubembeleza bei. Nikasema nitaanza tena kesho. Akanyamaza. Nikasema basi leo jioni. Akanyamaza. Nikasema nitamfungua kamba, nitampa na gunia, ila aniachie mpaka msimu uishe, kistoo kimejaa. Alinyamaza vilevile alivyokuwa akinyamaza mbele ya mbwa anayelamba vidole, kama hayupo.

Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia kwangu. Umefumbwa.

Nikuambie ukweli wangu wa aibu? Kitu cha kwanza nilichowaza ni kwamba ana kitu cha kunipa. Niliutazama ule mkono nikapiga hesabu ya kinachoweza kuenea ndani yake.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Si kwenye kigoda. Chini, kwenye tope, na gauni langu la kwendea sokoni. Sikuamua kukaa, magoti yalikunjika yenyewe. Nikamtazama usoni. Kidole chake kimoja kilitikisika na moyo wangu ukaruka, nikajua sasa anafungua. Hakufungua. Kikatikisika kingine, moyo ukaruka tena. Wewe hujui kungoja mpaka ungoje namna ile. Hakuna hasira ndani yake, hiyo ndiyo ajabu. Kuna kuamini tu. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba nikitulia vizuri zaidi atanipa.

"Haya," akasema, akageuka. Mkono bado umefumbwa. Tuone akamfuata, wakaingia kwenye ukungu wote wawili. Nilitaka kumwita mbwa wangu, mdomo haukufunguka. Kamba ilibaki imeanguka chini ya nguzo, kitanzi cha shingoni kizima, fundo halijaguswa.

Baba Gaspari ndiye aliyenikuta. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda, kuku wa mtu wamekula nusu ya usipa wangu mbele yangu na sikuwafukuza.

"Mama Usipa, umekaa topeni unafanya nini?"

"Nimeambiwa nikae."

"Na nani?"

"Mama mkubwa."

Akatazama huku na huku. "Sasa si uinuke?"

"Siwezi. Hajafungua mkono."

Alidhani malaria imenipanda kichwani. Akaninyooshea mkono wake, kiganja wazi, anivute. Nilipokiona kile kiganja, nikainuka kama mtu aliyefunguliwa.

Jioni ile lori la ziwani likafika. Utingo akaja moja kwa moja kwangu, kofia mkononi. Nikajua kabla hajasema.

"Pole dada. Mama mkubwa wenu wa Lipingo ametutoka jana usiku. Wameniambia hawatakusubiri, wanazika leo mchana."

Leo mchana. Nilimfanya arudie. Akarudia.

Nilishuka na lori hilohilo kesho yake, safari ya kutwa, nikafika msibani jua linazama. Nilipitia katikati ya kina mama waliokaa mkekani, na mtu wa kwanza niliyemwona hakuwa mtu. Tuone alikuwa amelala kizingitini pa mama mkubwa, kakunja miguu, mkavu, hana tope hata kwenye kucha.

Dada Matilda, binti wa marehemu, alinikumbatia tukalia. Kisha akasema, "Asante kwa kumtanguliza mbwa. Tuliporudi makaburini jana tulimkuta hapo mlangoni. Mlimtuma na nani?"

Kutoka Mbinga hadi Lipingo lori linakula kutwa nzima. Mbwa alitoka kwangu mchana, na mchana uleule akawa pale. Ningemjibu nini? Nikasema, "Alikuja na mama."

Matilda alinitazama sana. Akanisogezea mkeka.

Nilichukua usipa kwenye kichanja, si mmoja, konzi nzima. Nikachuchumaa mbele ya Tuone, mkono wazi kabisa, kila samaki anaonekana. Aliutazama mkono. Akanitazama mimi usoni, kwa muda, bila chuki yoyote. Kisha akainuka taratibu, akaenda kulala upande wa pili wa mlango.

Matilda akasema, "Hana njaa labda." Akamega kipande kwenye usipa uleule niliokuwa nimeushika, akaita, na Tuone akaja akala mkononi mwake.

Sikuthubutu kumwomba nirudi naye. Alibaki Lipingo, kwa watu wenye mikono ya kweli. Kila niliposhuka kununua mzigo nilimletea chake: samaki, nyama kidogo, mara moja ini. Kama nilikishika mkononi, hakugusa. Nilipokiweka chini nikarudi nyuma, alingoja. Alikula nikishampa mgongo, na mimi nikawa nasimama nimeangalia ziwa, nasikiliza anavyotafuna. Ndilo lililokuwa pato langu safari zile. Niliendelea hivyo mpaka akazeeka, mpaka Matilda akaniambia siku moja nisihangaike na nyama, wamemzika nyuma ya vichanja. Hakuwahi kula tena mkononi mwangu, hata mara moja, na wapo wanaosema mbwa husahau.

Kuhusu mimi, waulize sokoni. Mtu akinisogezea mkono uliofumbwa, nakaa. Nimekwenda hospitali, nimekwenda kwa padri, nimepewa vidonge na nimepewa sala, na bado nakaa. Mteja akikunja noti kiganjani huku tunapatana bei, magoti yananiishia, najikuta chini, namtazama usoni. Wajanja wameshajua na wananinyonya wanavyotaka. Watoto wanafumba mikono mitupu wakipita ili wacheke. Siwafokei. Nangoja tu mpaka mmoja wao aone huruma afungue, na ndani huwa hamna kitu, na kila mara nilikuwa nimeamini kuna kitu.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama una mbwa hapo nyumbani, liache gazeti hili, nenda kamwangalie. Ana maji? Anapolala ni pakavu? Mara ya mwisho alipofanya ulichomwambia, ulimpa nini? Usinijibu mimi, sina la kukufanya. Lakini siku ukiwa uani peke yako, ukamwona mtu unayemheshimu amesimama karibu na mbwa wako, ukamwamkia na asiitike, usianze kubembeleza kama mimi. Kimbilia jikoni, leta chochote ulichonacho, na umpe mbwa kwanza.