Dizeli Waliyosema Imekufa

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo nikiikumbuka mpaka leo damu inanichemka. Nilikuwa nafagia uwanja wa nyumba yetu kule Maneromango, binti wa miaka ishirini na kitu, pale alipoingia mchuuzi mmoja wa machungwa aitwaye Mshamu, bila hodi. Alipita moja kwa moja hadi kwenye lori la baba, akalizunguka, akalipiga teke pipa la dizeli lililosimama kando yake.

"Mafuta haya yamekufa zamani, dada," akasema. "Na gari lenyewe limekufa. Mwambie mzee nitakuja kulichukua kama chuma chakavu."

Mzee mwenyewe alikuwa palepale barazani, amelala kwenye kitanda cha kamba, anamsikia kila neno. Mshamu hakumpa hata shikamoo.

Ngoja nikueleze tulifikaje hapo. Baba yangu, Mzee Kondo, alikuwa na lori la tani saba, nalo ndilo lililobeba machungwa na mihogo ya watu wa kwetu kwenda Kisarawe. Barabara ile ikinyeshewa inageuka uji, na vituo vya mafuta vilikuwa mbali, kwa hiyo baba aliweka mapipa ya dizeli ya akiba nyumbani. Halafu siku moja akaanguka kutoka juu ya shehena, nyonga ikavunjika, na hakusimama tena. Lori likakaa. Masika ya kwanza yakapita, ya pili yakapita, majani yakaota hadi kwenye vioo. Wakati huohuo mafuta yakaadimika nchi nzima. Watu walikuwa wanapanga foleni na madumu yao tangu alfajiri, wanarudi nayo matupu.

Mshamu alikuwa na njia zake za kuyapata, sikuzijua na sikutaka kuzijua. Lori lake likawa ndilo pekee linalofika kwetu, naye akatufanya alivyotaka. Anachagua machungwa makubwa tu, mengine anayamwaga chini mbele ya mwenyewe. Ukilalamika, safari inayofuata anapita mlangoni kwako hasimami. Nilimwona kwa macho yangu mama mtu mzima, rika la bibi yangu, anapiga magoti kumbembeleza. Sasa alitaka na lori letu. Sikuhitaji kuambiwa kwa nini. Likiondoka lile, hatutakuwa na pa kukimbilia.

Wazee wa kijiji wakaja kumshauri baba auze. Aliyewaongoza ni Mzee Yohana, mzee wa kanisa, mwenye mashine ya kusaga, mtu mwema tu ila mwoga wa ugomvi.

"Kondo, ndugu yangu," akasema, "huna mtoto wa kiume hapa. Unalitunza la nini?"

"Mwanahamisi anajua kuendesha."

"Mtoto wa kike?"

"Leseni anayo," baba akajibu. "Wewe unayo?"

Kweli nilikuwa nayo. Baba alinifundisha kabla hajaanguka, mwenyewe akanipeleka mjini kufanya mtihani, na yule aliyenipima alitafuta kila sababu ya kuninyima akaikosa. Basi mimi nikawaambia wazee wale, kwa heshima zote, kwamba lori haliuzwi, na machungwa ya msimu ule nitayapeleka mimi.

Habari ikamfikia Mshamu. Siku ya pili yake akarudi, safari hii na watu wake, wakasimama uwanjani kwetu wanacheka. "Haya dereva," akasema, "liwashe tuone."

Mwanangu, hasira zilinipanda kichwani. Nikachukua ndoo, nikafungua lile pipa alilolipiga teke, nikachota, nikaenda nayo kwenye tangi. Nilitaka liungurume palepale, moshi umwingie puani, aondoke kwa aibu. Nilikuwa nimeshainua ndoo, ndipo nikasikia sauti ya baba. Tangu aanguke hakuwahi kupaza sauti namna ile.

"Weka ndoo chini!"

Nikasimama.

"Unataka kumwonyesha huyu, au unataka kufika Kisarawe?"

Nikaiteremsha ndoo.

"Yeye anasema yameoza. Wewe unaona mazima. Nani kati yenu ameyaangalia?"

Mshamu akacheka kuliko mwanzo, akapanda gari lake, akaondoka. Mimi nilibaki na ndoo yangu, machozi ya hasira yananitoka. Baba hakunibembeleza. Akaniambia nilete chupa nyeupe ya kioo, nichote kidogo, nimpelekee kitandani.

Tuliiinua juani. Mwanangu, ilikuwa na ukungu kama maji ya mchele, na chini yake umetuama utelezi wa kahawia kama makamasi. Harufu yake ilikuwa chachu, si ya dizeli. Lile pipa lilikaa juani muda wote, kifuniko chake kimelegea, mvua imeingia. Mshamu alisema kweli kuhusu pipa lile, nami iliniuma sana kukubali. Ningeyamwaga tangini, pampu ingekufa mbele ya macho yake na lori angelibeba kweli kama chuma.

"Hili ni la kupaka nguzo, mchwa wasile," baba akasema. "Usilimwage karibu na kisima. Sasa nenda bandani."

Bandani yalikuwepo mengine mawili. Hayo aliyaweka mwenyewe, kivulini, juu ya magogo ili yasiguse ardhi, yamejaa hadi juu na vifuniko vimekazwa. Akanieleza kwamba pipa lenye nafasi wazi ndani hutoa jasho kwenye ukuta wake, na jasho hilo ni maji, na kwenye maji hayo ndimo uchafu unamozaliwa. Nikachota, nikarudi na chupa. Safari hii niliuona uso wa baba kupitia kwenye mafuta, hadi mvi za ndevu zake. Nikayanusa. Dizeli.

Hapo ndipo nilipoanza kucheka, nikamwambia tuyatie. Akanikatalia tena. Mafuta mazuri juu hayakwambii kitu kuhusu chini. Nikatia mpira wa kunyonyea juu juu tu, nikayavuta kwa mdomo polepole bila kulitikisa pipa, na cha chini sikukigusa. Siku ile ndiyo niliyoonja dizeli, na sikutamani tena. Tulikosa kitu cha kuchujia. Kanga zinaacha nyuzi. Baba akaivua kofia yake ya pama, ile nzito ya sufu aliyoivaa kwenye kila harusi, akanipa. Nikasema hapana, baba. Akasema, "Nitaenda harusi gani mimi? Chuja."

Nikachuja. Tukayaacha yatulie kwenye madumu masafi. Lori nalo lilikuwa na mafuta ya zamani tangini, nusu tangi, nikafungua nati ya chini nikayatoa yote; yakatoka na maji na kutu. Nikafunga filta mpya, na ile ya pili baba aliyokuwa ameihifadhi kwenye boksi nikaiweka chini ya kiti. Kilichokuwa kimebaki ni dizeli mbichi ya kuchanganya, maana baba hakupenda yale ya zamani yaende peke yake. Hiyo hatukuwa nayo.

Sijui nani alimwambia Mzee Yohana. Nilimwona anakuja jioni na baiskeli, dumu limefungwa nyuma kwa mpira. Alilitoa kwenye mashine yake ya kusaga, na ujue alikuwa hana lingine. Akalishusha, akamwangalia baba, akasema, "Usiniambie neno, Kondo." Baba hakumwambia neno. Kesho yake mashine haikusaga, watu wakala uji wa mihogo ya kutwanga kwenye kinu, na hakuna aliyelalamika.

Betri ilikuwa imelala, vijana wakalisukuma; lori likakohoa, likatoa moshi mweupe, likazima. Likakohoa tena. Mara ya tatu likashika. Wanawake waliokuwa wakipakia machungwa wakapiga vigelegele, nami nikakanyaga mafuta lisizime tena. Baba akataka kwenda. Tukambeba na kitanda chake hadi mlangoni, tukamkalisha ndani na mito pande zote. Maumivu aliyopata njiani, kila shimo, nayajua mimi niliyekaa naye. Hakuniambia hata mara moja nipunguze mwendo.

Tulikwenda vizuri hadi kwenye mlima wa kuingia Kisarawe. Hapo nguvu ikaanza kupotea. Nakanyaga mafuta, injini inaguna tu, mwishowe ikazima katikati ya mlima. Nikaweka magogo kwenye matairi. Na kama alikuwa ameitwa, Mshamu akatokea nyuma yetu na lori lake, akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani.

"Nilikwambia, dada! Mafuta ya kaburini hayo!"

Akapita. Nikamtazama baba. Akaniuliza tu, "Filta iko wapi?"

Ilikuwa chini ya kiti. Nikafungua ile ya kwanza, imejaa tope jeusi la kwenye mabomba ya zamani. Nikafunga mpya, nikalegeza skrubu ya kutolea hewa, nikapiga pampu ya mkono hadi mapovu yakaisha na mafuta yakatoka bila hewa, nikakaza. Vidole vilikuwa vinavuja damu na dizeli pamoja. Nikapanda, nikawasha, likaitika. Mlima ule tuliumaliza kwa gia ya kwanza, na mimi naimba kwa sauti mbaya.

Tulipofika sokoni tukakuta Mshamu ameshatutangulia, na ameshawaambia wanunuzi kwamba machungwa yangu yamelowa dizeli. Wakanizunguka wananusa. Mama mmoja mnene, mnunuzi mkubwa pale, akashika pua.

"Wewe ndiye mwenye machungwa yanayonuka?"

"Kinachonuka ni mikono yangu," nikamwambia, nikaiinua juu wote waione. "Machungwa menyeni wenyewe."

Akamenya moja. Akalila lote, kimya, na juisi inamtiririka kwenye kiwiko. Halafu akamenya la pili. Kisha akageuka akamwambia Mshamu, ambaye alikuwa amesimama palepale, "Sogeza gari lako, huyu binti apate pa kushushia."

Ndani ya lori nikasikia kicheko. Baba alikuwa anacheka huku ameshika nyonga yake kwa maumivu. Miezi mingapi sikuwa nimekisikia kicheko kile!

Mshamu hakufilisika, usidhani. Aliendelea kuja Maneromango, ila alianza kupiga hodi, na machungwa madogo akayachukua pia, kwa sababu asipoyachukua yeye nitayachukua mimi. Niliendesha lori lile mpaka nilipoolewa nikahamia huku Gwata, na hata huku niliendelea kuendesha. Wapo waliosema nitaacha.

Sasa umekuja kuniuliza, mwanangu, kuhusu mapipa aliyoacha marehemu mjomba wako pale Pangani. Mmoja amekwambia uyamwage, mwingine amekwambia utie tu, dizeli haiozi. Wote wawili hawajayafungua. Nenda ukayafungue wewe. Chota kwenye chupa nyeupe, angalia juani, nusa. Yenye ukungu au uchachu usiyape gari lako, hata kama umeyapata bure na hata kama kuna mtu unataka kumnyamazisha. Masafi yavute kutoka juu, yachuje, yachanganye na mapya, na usiondoke bila filta ya akiba. Na ukiweka yako, weka kivulini, mbali na moto na mbali na chumba wanacholala watu, pipa limejaa, kifuniko kimekazwa, na uandike juu yake umenunua lini ili ya zamani uyatumie kwanza.

Lakini si dizeli tu ninayokuambia. Atakuja mtu kukwambia kitu chako kimekufa, kwa sababu anakitaka au kwa sababu kinamtisha. Usimwamini. Wala usimpinge kwa hasira, kwani hasira ndizo alizozitaka. Kifungue, ukitazame kwa macho yako, ukisafishe kwa mikono yako, halafu upakie mzigo uende. Akicheka mlimani, mwache acheke. Wewe badilisha filta. Usipige magoti mbele ya mtu kwa sababu ana lori nawe huna. Sisi tulikataa, na hatukufa.

Nenda basi. Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuchunguza na moyo usiotishika, akuvushe milima yote salama, na kila unapofika akutangulizie watu wa haki. Amina.