Bogenvilia ya Malampaka

Mama yangu alipenda maua kupita kiasi, na kwetu Zagayu hilo lilikuwa jambo la kuchekwa. Watu walipanda pamba, mahindi, choroko. Maua yalikuwa mambo ya misheni na ya nyumba za walimu. Yeye mvua za kwanza zikinyesha tu, kabla hata hajagusa shamba, alikuwa ameshachimba kitalu chembamba chini ya dirisha. Majirani walipita wakimwita mayu, yaani mama kwa lugha yetu, na kumtania, "Mayu, hayo mtayala na ugali?" Naye aliwajibu, "Nyie kuleni pamba yenu."

Alipanda zinia. Zilichanua nyekundu, njano na rangi ya chungwa, halafu jua la kiangazi likishika kasi zilikauka zote, ukabaki udongo mtupu mpaka mvua nyingine. Mbegu alizifunga kwenye kipande cha khanga kuukuu na kuzitundika juu ya jiko, moshi uzikinge na wadudu. Kiangazi hakukaa mlangoni. Alisema mlango mtupu unamkumbusha msiba.

Msiba wenyewe ulikuwa wa baba. Alifariki nikiwa bado mdogo, mtoto wao wa pekee, tena wa kike. Ndugu zake walikaa kikao, wakamwomba mama akubali kurithiwa na kaka wa marehemu, baba mkubwa wangu, ambaye mji wake ulipakana na wetu, katikati pakiwa na ua wa minyaa. Mama alipiga magoti, akakataa kwa heshima. Hawakumfukuza. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari kama hizi huharakisha kumfanya baba mkubwa zimwi. Hakuwa zimwi. Alitulimia kwa ng'ombe wake, na mama alipougua malaria alimpakia kwenye baiskeli akamkokota mpaka zahanati.

Ila tangu kikao kile mama aliishi pale kama mtu aliyeazimwa mahali. Na kwetu aliyeazimwa ardhi anajua mipaka yake, hata mtoto anaijua: unalima vya msimu, unavuna, basi. Hupandi mwembe, hupandi mkonge, hupandi minyaa. Kinachodumu hupandwa na mwenye ardhi. Ukikipanda wewe umeshatamka kwamba pale ni pako, na wenyewe wataitana kikao. Kwamba jambo hilo lingefika mpaka kwenye maua, mama hakulifikiria, na mimi ndiyo kabisa.

Miaka ile chama cha msingi cha ushirika kilikuwa kimeacha kuwa mnunuzi pekee wa pamba. Wanunuzi wa watu binafsi walikuja na malori yao na fedha mkononi, na kila mtu akaanza kuiangalia ardhi kwa jicho jingine. Mbuga zilizokuwa za kuchungia zikalimwa. Wajane wawili watatu wa vijiji vya jirani walirudishwa kwao. Mama alizisikia habari hizo kisimani, akazileta nyumbani bila kuzitolea maoni.

Nilipochaguliwa kwenda sekondari Mwanza, alinisindikiza mpaka Malampaka kupanda treni. Nyuma ya stesheni palikuwa na bogenvilia iliyokuwa imefunika ukuta mzima kwa maua yake ya zambarau, na kilikuwa kiangazi kikali, nyasi zote zimeungua. Mama alisimama akaitazama mpaka nikaona aibu. Akamuuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi kama mmea ule haufi jua likizidi.

"Huu?" yule mama akasema. "Hata uukate kwa panga unarudi."

Mama akavunja kijiti, akakizungushia kitambaa chenye maji. Treni ilipoondoka alinipungia kwa mkono ulioshika kile kijiti. Nilicheka peke yangu mpaka nikalia.

Niliporudi likizo nilikikuta pembeni mwa mlango, kimeshika, kina majani mengi na maua machache ya mwanzo. Mama alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona. "Kiangazi hiki," aliniambia, "nitakaa mlangoni kwangu."

Asubuhi moja baba mkubwa akaja, wakaamkiana. "Mwangaluka, mayu." "Mwangaluka, baba." Akapewa kigoda, akamiminiwa chai. Alikunywa kidogo, akautazama ule mmea.

"Shemeji, ua hili linakaa msimu mmoja?"

"Hapana, shemeji. Linadumu."

Akakoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka zamani. "Zinia zako zilikuwa nzuri," akasema. "Watu wote walikuwa wanazisifia."

Akamaliza chai, akashukuru, akaenda zake. Hakupandisha sauti wala hakukunja uso, na mpaka leo nadhani angenifokea mimi au mama ningemsamehe mapema zaidi.

"Mama, si ni ua tu?" nilisema. Nilikuwa na mdomo mpya wa sekondari.

"Wewe utaolewa uondoke," alinijibu. "Mimi nikiambiwa nitoke hapa nitakwenda wapi? Wazazi wangu Migato wamekwisha. Kaburi la baba yako liko hapa."

Akachukua jembe, akaung'oa pamoja na udongo wake, akauweka kwenye karai bovu na kumpelekea mke wa baba mkubwa kama zawadi. Aliporudi alilifukia shimo, akalisawazisha kwa mguu. Kile kiangazi hakukaa mlangoni.

Bogenvilia ilinawiri huko. Ilipanda ukuta wa baba mkubwa, ikapita juu ya minyaa, ikawa huwezi kufagia uwanja wetu bila kuiona. Mama alizoea kugeuza kigoda chake na kukaa ameipa mgongo. Iliniuma sana. Nilipoanza kazi Bariadi, soko likiwa limejaa mitumba na vitu vya kutoka nje, nilimnunulia shada la maua ya plastiki. Alicheka mpaka akafuta machozi. "Haya shemeji hawezi kuyaogopa," akasema, "hayana mizizi." Aliyaweka mezani, akawa anayaosha kwa sabuni kila Jumamosi. Nilimwomba aje tukae wote Bariadi. Akaniambia akitoka hata mwezi mmoja, hatapakuta mahali pake.

Alifariki mvua zikiwa zinaishia, zinia zikiwa bado zimechanua. Wanaume walipokaa kupanga mazishi, mimi nilijibanza ukutani, nikiogopa watasema apelekwe Migato kwa watu wake. Baba mkubwa alisikiliza wote, kisha akasema, "Atalala kando ya mumewe." Hakuna aliyembishia.

Matanga yalipoanuliwa alinifuata makaburini. Mkono mmoja alishika jembe, mwingine kijiti cha bogenvilia alichokata ukutani kwake. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mpandie mama yako hiki," akasema. "Huyu ni wa hapa."

Nilikipokea kwa mikono miwili kama nilivyolelewa. Mama aliishi miaka yote ile akingoja mtu amwambie maneno hayo, na mtu mwenyewe ndiye huyu aliyekuwa akinywa chai yake. Nilichimba. Baba mkubwa alikishika kijiti kisimame wima, nami nikarudishia udongo na kumwagia maji. Alibaki amechuchumaa, akikitazama.

"Litadumu?" akaniuliza.

"Linadumu, baba mkubwa," nilimjibu. "Mama alishakwambia."