Fundi wa Urea Amerudi Elburgon

Habari za kifo cha fundi nilizipata kwa mkewe. Nilikuwa nimempigia simu nimsalimie, mkewe akapokea, akaniambia kwa sauti iliyochoka kwamba mzee ameanguka gereji na hakufika hospitali akiwa hai. Kisha akaniomba radhi akate, kwa sababu wateja walikuwa bado wanapiga. Mmoja, alipoambiwa fundi amefariki, alitoa pole, halafu akauliza ni nani mwingine hapa Nakuru anayeijua ile kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Vani nyingi za dizeli zinazoingia siku hizi zina tangi dogo la maji ya urea, ambayo hunyunyizwa kwenye ekzosi ili kupunguza sumu iliyo katika moshi. Mfumo huo ukiharibika, kompyuta humwonya dereva, na asiposikia, siku moja akizima injini, kompyuta huizuia kuwaka tena. Mafundi wengi huukata mfumo wote na kuidanganya kompyuta, mteja akaondoka akifurahi. Marehemu hakukata. Alitafuta ugonjwa mpaka akaupata.

Nilimfahamu kwa sababu ya shangazi yangu wa Subukia, ambaye husafishwa damu kwa mashine ya figo hapa mjini. Yeye na wagonjwa wenzake walikuwa wamekodi vani ya kuwaleta. Asubuhi moja nilikuwa nimemsindikiza, dereva akasimama kidogo kwenye kituo cha mafuta, akazima injini kwa mazoea tu, na gari halikuwaka tena. Wagonjwa walibaki vitini, miguu imevimba, hakuna aliyeweza kutembea hadi barabarani kutafuta gari jingine. Shangazi alinieleza kwa upole kwamba ukichelewa, mashine hupewa mwingine. Dereva alimpigia fundi, naye akaja kwa bodaboda na mashine yake ya kupimia mgongoni.

Alipima, akafungua tangi, akachovya kidole na kukinusa. Kisha akamtazama dereva. Dereva akakiri kwamba ile ilikuwa mbolea ya urea iliyokorogwa kwa maji ya kisima, na kwamba mwenye gari ndiye aliyemwagiza hivyo. "Nikimkatalia, kesho anaandika mwingine," alisema. Mwenye gari mwenyewe, alipopatikana kwa simu, hakutaka maelezo.

"Kata hiyo kitu kabisa, boss, gari iende."

"Nitaiwasha kwa muda, hawa wafike hospitali," fundi alijibu. "Kukata sikati. Gari itaenda, lakini hiyo sumu itabaki hapa tunapumua."

Aliliwasha, akapanda nasi ili dereva asije akalipeleka kwa fundi mwingine. Wagonjwa walipokuwa kwenye mashine, sisi tulikuwa gereji kwake. Alimwaga yale maji yote, akaosha tangi, akachomoa kifaa cha kunyunyizia na kunionyesha ukoko mweupe kama chumvi ulioziba mdomo wake. Alikuwa akiulainisha kwa maji ya moto aliponiambia kwamba kila msimu wa kupanda hupanga kurudi kwao Elburgon alime viazi, na kila msimu hushindwa. Vijana aliowafunza walikuwa wameondoka kwenda kukata, kwa sababu kukata ni haraka. Akiondoka yeye, alisema, hakuna gari litakalotibiwa tena. Alisema hayo akitazama chini, kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe.

Jioni tuliwachukua wagonjwa. Shangazi alimshika fundi mkono dirishani. "Mungu akuweke hapa hapa, mwanangu," alimwambia. "Usiende popote." Wenzake wakaitikia amina. Naye pia akaitikia, lakini baada ya wengine wote, na kwa sauti ndogo.

Mkewe ameniambia kwamba maumivu ya kifua yalimwanza kitambo. Alikuwa amepewa siku ya kumwona daktari, akaiahirisha kwa sababu kulikuwa na vani iliyokuwa ikiletwa kutoka Naivasha na mwenye vani alimsihi sana. Tulimzika Elburgon, pembeni ya shamba lake, ambalo jirani alikuwa amelikodi na kulipanda viazi. Waombolezaji walisimama katikati ya matuta wakijihadhari wasikanyage mimea ya jirani.

Pale kaburini kila aliyesimama kuzungumza alisema kwamba pengo lake halitazibika. Nadhani neno hilo tulilisema mapema mno, angali hai, naye akatuamini. Nchi hii ina watu wengi wa namna yake: muuguzi mmoja wa zahanati nzima, mwalimu mmoja wa hesabu, fundi mmoja wa mji. Tunawasifu mpaka wanashindwa kuinuka. Anayetufaa tumshukuru, ndiyo, lakini tumuulize pia anatamani kwenda wapi, kisha tujifunze kazi yake ili aweze kwenda.