Baba Mkwe Kaukana Mzigo Wake wa Pombe, Boti Yangu Ndiyo Imeshikiliwa

Admin, jina langu baki nalo, hapa Musoma tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka 36, nina mke na watoto wawili. Nina boti ya injini, nabebaga mizigo ya maduka kwenda kisiwa cha Rukuba. Naandika hii nikiwa na hasira.

Sisi tunaosafirisha pombe tunatakiwa kisheria kutoa taarifa serikalini: mzigo wa nani, kiasi gani, unashushwa wapi. Sasa baba mkwe wangu, mzee wa kanisa kule Suguti, yule anayekemeaga walevi kila Jumapili, akaniletea makatoni ya pombe kali nimpelekee kisiwani.

"Andika ni soda," akaniambia. "Waumini wakijua, uso nitauweka wapi?"

Nikamjibu kwa heshima, "Baba, wakikuta pombe kwenye boti niliyosema ina soda, jela naenda mimi."

Akayaacha makatoni kwetu akaondoka, nikajua ameelewa. Nikatoa taarifa kama ilivyo, na jina lake.

Maafisa wakaja mwaloni, pale boti zinapopakia, kukagua kabla sijaondoka. Kumbe mzee hana hata leseni ya kuuza pombe. Wakampigia simu, akaja. Mbele ya wavuvi na akina mama wa dagaa akasema, "Mzigo siujui. Huyu kijana ananichafua tu."

Mke wangu alikuwepo. Makatoni yalilala kwetu, na siku baba yake anayaleta yeye ndiye alimpikia ugali! Afisa akamuuliza, "Mama, huu mzigo ni wa nani?"

Akaangalia chini. "Mi sijui."

Hilo neno limeniuma kuliko boti, na boti wameishikilia mpaka mwenye mzigo ajulikane. Jumapili mzee kasimama mbele kanisani akaniombea nirudi kwa Mungu, watu wakaitikia amina! Nyumbani mke ananiambia, "Si ukubali tu ni wako? Wewe bado kijana, baba akiaibika ndo basi tena."

Nikamuuliza, "Na mimi nikifungwa?" Akaenda kufunga nguo zake. Anasema nikimtaja baba yake tena, anaenda Suguti na watoto na harudi.

Kesho nimeitwa kutoa maelezo. Mke wangu nampenda, lakini kubeba kosa la mtu aliyenikana mchana kweupe siwezi. Au niweze, kwa ajili ya watoto? Msinitukane, nishaurini tu. Ungekuwa wewe, kesho ungesema mzigo ni wa nani?